Vituo vikubwa vya data na umeme wa Kaskazini: dhana potofu na ukweli

Kila inapopendekezwa kwamba Arusha ijengewe kituo kikubwa cha data, yaani jengo la kompyuta nyingi (seva) zinazohifadhi na kuchakata data, hoja ya kwanza huwa kwamba umeme sasa ni mwingi, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Takwimu ni sahihi. Hitimisho ndilo lenye kasoro. Bwawa liko Rufiji, na umeme unaosafirishwa hadi huku hupotea kiasi njiani. Ndiyo sababu Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa mkoani Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Tena kituo cha data hakifungi jioni. Chenye mahitaji ya megawati 100 huzidai karibu usiku na mchana, ilhali mtambo wa umeme wa maji wa Nyumba ya Mungu, mkoani Kilimanjaro, una uwezo wa megawati 8 tu.

Wengine hujibu kwamba vituo hivi hutumia sehemu ndogo mno ya umeme. Kwa dunia nzima, ni kweli: Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria terawati-saa 415 kwa mwaka 2024, takriban asilimia 1.5 ya umeme wote uliotumika. Lakini Ireland, ambako vimerundikana, vilitumia asilimia 21 ya umeme uliopimwa mwaka 2023. Mzigo huangukia gridi ya mahali vilipo.

Husemwa pia kwamba baridi ya Mlima Meru itapoza mitambo bure. Husaidia, ila haiondoi gharama ya kupoza. Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva hugeuka joto: ukisimama nyuma ya kabati lake hewa ya moto hukupiga usoni, na feni huvuma hadi mtu alazimike kupaza sauti. Hewa ya nje nayo lazima ichujwe vumbi la kiangazi.

Dhana inayopendwa kuliko zote ni kwamba kituo kitaleta ajira nyingi. Wakati wa ujenzi, mafundi, madereva na mama lishe hupata kazi kwa mamia. Baada ya uzinduzi hubaki mafundi wa mitambo, walinzi na wasafishaji, mara nyingi makumi au mamia machache. Kiwanda cha sukari cha TPC, nje kidogo ya Moshi, huajiri maelfu na huzalisha umeme kwa makapi ya miwa. Ulinganisho huu, kwa maoni yangu, haufanywi vya kutosha.

Hutolewa pia mfano wa kaunti ya Loudoun, jimbo la Virginia, Marekani, iliyotajirika kwa vituo vya data. Huko serikali ya kaunti hutoza kodi vifaa vya kompyuta vyenyewe. Kwetu kodi ya mapato huenda Serikali Kuu, na halmashauri hutoza ushuru wa huduma, unaokokotolewa kwa mauzo. Seva zikihudumia kampuni mama iliyoko nje, mauzo yanayohesabika hapa yanaweza kuwa madogo, hata kama mitambo ni ya mabilioni.

Wanaohofia kwamba bei ya LUKU, umeme wa malipo ya kabla, itapanda Arusha peke yake nao hawako sahihi, kwani bei huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa nchi nzima. Hatari ni nyingine: gharama za njia mpya ya umeme na kituo cha kupozea umeme, zisipowekwa kimkataba kwa mwekezaji, huingia katika hesabu za TANESCO, shirika la umeme la taifa, na wateja wote huzilipa, wa Mtwara wakiwemo.