Sungura hatapiki: ufafanuzi kuhusu ujumbe wa maji ya chumvi

Katika makundi ya simu bado unazungushwa ujumbe unaodai kwamba sungura wa kufugwa akila chokoleti, majani ya mparachichi au kitu kingine kisichomfaa, anyweshwe maji ya chumvi au maziwa ili aitapike sumu. Ushauri huo si sahihi, na unaweza kumwongezea madhara mnyama ambaye tayari yumo hatarini.

Sungura hana uwezo wa kutapika, kwa sababu msuli unaofunga mlango wa tumbo lake una nguvu nyingi na umbo la tumbo lenyewe haliruhusu chakula kurudi juu. Jambo hili daktari yeyote wa mifugo atalithibitisha. Chumvi nyingi humdhuru, na kinywaji cha kulazimishwa huweza kuingia mapafuni. Yaelekea tunachanganyikiwa kwa sababu mbwa na paka hutapika mbele ya macho yetu.

Linalofaa ni kuondoa mabaki, kukumbuka alikula nini, kiasi gani na saa ngapi, kumwachia nyasi kavu na maji safi, kisha kumpigia daktari wa mifugo bila kungoja dalili. Kinyesi chake kichunguzwe pia, kwani sungura anayekaa takribani saa 12 bila kula au bila kutoa kinyesi yumo katika dharura.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, na aliyekutumia umweleze kwa upole, maana huenda naye alikusudia kumwokoa mnyama.