Kromosomu 46 za binadamu na 48 za sokwe: hakuna zilizopotea

"Sokwe ana kromosomu 48, binadamu 46, basi hawawezi kuwa na asili moja." Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu. Hesabu yake ya kromosomu, yaani vifurushi vya DNA ndani ya seli, ni sahihi. Hitimisho ndilo lenye kasoro, kwa hiyo ukikufikia tafadhali usiusambaze.

Kromosomu mbili za mababu ziliungana ncha kwa ncha, zikawa kromosomu namba 2 ya binadamu. Katikati yake bado kuna mfuatano wa DNA ambao kwa kawaida hukaa nchani, pamoja na mabaki ya sentromea (sehemu iliyobanwa ya kromosomu) ya pili. Tafuta picha yake, uiweke kando ya zile mbili za sokwe: mistari inayoonekana kromosomu zikitiwa rangi inalingana.

Wengi hudhani idadi pekee ndiyo hutenganisha spishi. Mbona kiazi mviringo nacho kina 48! Wapo pia watu wenye afya njema wenye 45, kwa kuwa mbili zimeungana, ingawa baadhi yao hupata shida ya uzazi. Miungano ikirundikana, shida hiyo hukua na makundi huanza kutengana. Kisiwani Madeira, kutokana na miungano kama hiyo, baadhi ya panya wa nyumbani wana 22 badala ya 40.