Je, wajua kwa nini chumvi iliwasumbua sana wanavijiji katika vita vya uhuru wa Msumbiji?

Zikitajwa habari za vita vya uhuru wa Msumbiji, wengi hukumbuka bunduki, kambi ya mafunzo ya Nachingwea kusini mwa Tanzania, na kiongozi wa wapiganaji, Samora Machel. Chumvi haimjii mtu akilini. Lakini kwa mwanakijiji wa uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, katikati ya miaka ya 1960, shida ya kila siku ilikuwa hiyo: chumvi, kisha nguo, sabuni, kiberiti na jembe.

Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kule Chai, Cabo Delgado. Kabla ya hapo mkulima alipeleka karanga, korosho au ufuta wake kwenye maduka ya Wareno na Wahindi, akarudi na mahitaji ya nyumbani. Alipunjwa, tena sana, lakini chumvi aliipata. Risasi zilipoanza kulia, wenye maduka walifunga wakaondoka. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru, ikashika misitu na vijiji vya bara. Wareno wakabaki na ngome zao, miji na pwani yote, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Porto Amélia, ambayo leo ni Pemba. Na chumvi hutoka baharini. Kwa hiyo watu waliotoka mikononi mwa mkoloni walijikuta wametengwa na bahari.

Usidhani ni suala la ladha tu. Mihogo walikuwa nayo, na wawindaji walileta nyama, lakini bila chumvi nyama na samaki wa kukausha havikai. Wazee waliojua kuchoma mimea fulani na kuchuja majivu yake walipata maji ya chumvichumvi, basi ikawa ndiyo hiyo. Na kulima kwenyewe kulikuwa kwa wasiwasi, maana ndege za Wareno zilipiga mashamba, na moshi wa jikoni uliweza kukuchongea.

Njia pekee iliyobaki ilielekea kaskazini, ng'ambo ya mto Ruvuma. Tanzania ndiyo iliyokuwa mlango: FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake huko huko. Silaha zilitoka Uchina na Urusi ya Kisovieti. Nchi nyingi za Magharibi hazikutaka kumuudhi Mreno, mwenzao katika NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ingawa Sweden ilijitokeza na misaada isiyo ya kijeshi, kama dawa, nguo na vyakula. Shehena zilifika bandarini kwa meli, zikaenda kusini kwa malori. Zikifika Ruvuma, lori likaishia hapo.

Kuanzia mtoni mzigo ulipanda kichwani. Wanavijiji, wengi wao wanawake, walivuka kwa mitumbwi kisha wakatembea siku kadhaa porini wakiwa na masanduku ya risasi na dawa. Tangu 1967 wanawake walipewa pia mafunzo ya kijeshi Nachingwea, lakini kubeba mizigo hakukuisha. Na safari haikuwa ya upande mmoja. Waliokwenda kuchukua silaha walishuka na magunia ya karanga, ufuta na korosho, yakauzwa Tanzania ili fedha zake zinunue chumvi na vitambaa. Kwa maoni yangu hapa ndipo hadithi ya misaada ya kigeni husimuliwa vibaya: msaada ulikuja, lakini sehemu ya mahitaji yao raia waliilipia wenyewe, kwa mazao na kwa shingo zao.

Penye biashara pana mgogoro. Aliyesimamia Cabo Delgado upande wa raia ni Lázaro Nkavandame, Mmakonde aliyewahi kuongoza ushirika wa wakulima wa pamba kabla ya vita. Wenzake katika FRELIMO walimshutumu kwamba yeye na wenyeviti waliokuwa chini yake waliigeuza biashara ya mpakani kuwa mradi wao: mkulima anabeba gunia, anapewa chumvi kiduchu. Ndani ya chama hilo lilizua swali zito, kwamba Mreno akiondoka, tajiri mweusi akikaa kwenye kiti chake, je, huo ni uhuru? Ugomvi haukuwa wa chumvi peke yake, kwani ulihusu pia uongozi na ukabila. Mapema mwaka 1969 Nkavandame alisimamishwa, na kabla Machi haijaisha alikuwa amejisalimisha kwa Wareno.

Wareno nao walijua njaa ni silaha. Walidondosha vikaratasi kutoka angani wakiwaita watu watoke msituni, na wale waliowapata waliwakusanya kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi wa askari, vilivyoitwa aldeamento. Hadi 1974 karibu watu milioni moja walikuwa wamewekwa humo. Maelfu wengine walikuwa wamekimbilia Tanzania, wakalima katika makazi ya wakimbizi kama Rutamba, mkoani Lindi.

Mkataba wa Lusaka ulisainiwa tarehe 7 Septemba 1974, na uhuru ukaja 25 Juni mwaka uliofuata. Pale Ruvuma, mitumbwi iliendelea na kazi yake kwa miongo mingine mitatu. Daraja la Umoja, kati ya Mtambaswala na Negomano, lilifunguliwa mwaka 2010, na siku hizi gunia la chumvi huvuka mto huo juu ya lori.