Kukimbia Sana Si Chanzo cha Ushindi

Kwa miaka mingi watangazaji wa futiboli ya Marekani wamerudia kwamba timu ikimpa mkimbiaji wake, mchezaji anayebeba mpira kwa kukimbia, mpira mara nyingi, itashinda. Takwimu za mwisho wa mchezo huonekana kuunga mkono dai hilo, ila chanzo na matokeo vimegeuzwa.

Timu inayoongoza katika robo ya nne hutaka muda uishe. Pasi isiyodakwa husimamisha saa; mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa huendelea kuhesabu. Basi anayeongoza hukimbia, na aliye nyuma hulazimika kurusha. Nyingi za mbio hizo huja baada ya uongozi kupatikana, na uongozi wenyewe mara nyingi umeletwa na pasi.

Mwaka 1973 O.J. Simpson wa Buffalo Bills alikuwa wa kwanza kuvuka yadi 2,000 kwa msimu, na timu yake haikufika hatua ya mtoano. Mwaka 2019 Christian McCaffrey wa Carolina Panthers alipata yadi 1,387 kwa kukimbia na 1,005 kwa kupokea pasi. Panthers walishinda mechi 5, wakapoteza 11.

Mkimbiaji si mtu wa kupuuzwa, na naona ni kumwonea kumpima kwa yadi pekee. Njia yake hufunguliwa na wenzake watano wa mstari wa mbele. Naye husimama kumzuia mpinzani anayemvamia kotabeki (mrushaji wa pasi), kazi ya maumivu ambayo takwimu za kawaida haziioneshi, kisha hupokea pasi fupi pale njia nyingine zinapozibwa.