Muhtasari wa kikao cha ukoo haukupi mjukuu

Wiki hii nimempokea tena bibi aliyekuja ofisini na karatasi moja tu: muhtasari wa kikao cha ukoo. Binti yake alifariki, ukoo ukakaa baada ya arobaini, ikaamuliwa mjukuu abaki kwa bibi. Miaka minne baadaye baba mtu, ambaye hata kwenye msiba hakuonekana, kaja na gari anamtaka mwanawe.

"Mwanangu, si ukoo ulishaamua?"

Uliamua, bibi. Lakini karatasi ile inafaa kwa mirathi, pale ukoo unapompendekeza msimamizi. Baba akikataa kumwacha mtoto, haimzuii.

Hapa Tanzania njia ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 37 kinamruhusu mzazi, mlezi au ndugu anayemlea mtoto kuomba mahakamani apewe haki ya kukaa naye. Shika neno hilo, "anayemlea". Nikamtuma nyumbani akalete ushahidi wa kulea. Kesho yake akarudi na kadi ya kliniki ndani ya nailoni, risiti za shule, na daftari la madeni la duka la Mangi: sare, viatu vya shule, dawa ya kikohozi, vyote kwa jina lake. Daftari lile nililipenda kuliko kiapo nilichomwandikia mwenyewe.

Si kwamba kazi imekwisha. Kifungu cha 39 kinaitaka mahakama iangalie umri wa mtoto, maoni yake kama kayatoa kwa hiari, ndugu kutotenganishwa, na malezi yasikatikekatike. Hayo yanambeba bibi. Lakini kifungu hichohicho kinasema ni vema mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa kama haki zake zinavunjwa mara kwa mara. Kumtukana baba kizimbani hakusaidii. Tena hakimu atauliza bibi akiugua nani atampeleka mtoto shule. Uwe na jibu, na huyo mtu aje.

Halafu kuna ofisa ustawi wa jamii. Atataka kuona mtoto analala wapi, na ataongea naye peke yake. Jamani, msiwakaririshe watoto! Mtoto wa miaka saba akisema "baba yangu hana maadili", kila mtu anajua nani kamfundisha.

Ukishinda, baba hajafutwa: matunzo anadaiwa palepale, chakula, ada na matibabu. Ukishindwa, kifungu cha 38 kinakuruhusu wewe uliyemlea kuomba kumwona mtoto kwa vipindi. Na amri ya malezi si ya milele, mahakama yaweza kuibadilisha.

Kwa bibi huyu tumeomba yote mawili: malezi, na yakishindikana, Jumamosi na likizo. Ofisa anamtembelea Alhamisi. Kaniuliza kama apike pilau. Nimemwambia apike kile anachompikia mtoto kila siku.