Je, wajua kwa nini balozi wetu Beijing na balozi wetu New Delhi hawana jina moja la cheo?

Pale Igogo, Mwanza, nyumba zinakoparamia mawe, balozi wa kwanza niliyemjua alikuwa mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Balozi wa nyumba kumi. Alikuwa na kaunta buku lililochanika jalada, na mgeni akilala kwenu, hata awe shangazi aliyeshuka na meli ya Bukoba asubuhi hiyo, jina lake lilitakiwa liingie humo. Kwa hiyo redio iliposema "balozi wa Tanzania nchini India", nilimwona mzee mwingine na kaunta buku lake, kazungukwa na nyumba kumi za Wahindi.

Kiswahili ndicho kilichonichanganya, maana hakibagui. Anayetuwakilisha Beijing ni balozi, wa New Delhi naye ni balozi. Lakini kwenye karatasi za kidiplomasia, wa New Delhi ni Kamishna Mkuu, na ofisi yake haiitwi ubalozi.

Chanzo ni barua. Balozi anapoteuliwa, nchi anayokwenda huombwa kwanza ridhaa, kimyakimya, ili ikimkataa asiaibike mtu. Akikubaliwa, anabeba hati za utambulisho: barua ya mkuu wa nchi yake kwenda kwa mkuu wa nchi mwenyeji. Tokyo wana madaha yao. Balozi mpya anaweza kupelekwa Ikulu ya Mfalme kwa gari la farasi, barua mkononi.

Sasa fikiria kwamba mfalme wa Uingereza ndiye pia mfalme wa Kanada na Australia, hadi leo. Angejiandikiaje? "Mimi namtuma mjumbe wangu kwangu mimi"? Haikuwezekana. Kanada ilipompeleka Alexander Galt London mwaka 1880, alipewa cheo cha Kamishna Mkuu, na makoloni mengine yaliyofuata yakachukua jina hilohilo. India ikawa jamhuri mwaka 1950, Tanganyika mwaka 1962, kila moja na rais wake wa kusaini barua. Kwao sababu ikafa, jina likabaki ndani ya Jumuiya ya Madola, umoja wa nchi ambazo nyingi zilitawaliwa na Uingereza.

Aliyeonja yote mawili ni Salim Ahmed Salim. Mzaliwa huyu wa Zanzibar alikuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunaomba nauli nyumbani. Mwaka 1965 akahamia New Delhi, akawa Kamishna Mkuu, na huko alisoma pia katika chuo cha St. Stephen's. Mwaka 1969 akapelekwa Beijing, na hapo akarudi kuwa balozi kamili, akiiwakilisha Tanzania Korea Kaskazini vilevile. Ni kipindi ambacho maandalizi ya TAZARA, reli ya kwenda Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China, yalikuwa yamepamba moto. Mwaka uliofuata alikuwa New York, na mwezi Oktoba 1971 China ya Beijing ilipopewa kiti chake Umoja wa Mataifa, ujumbe wa Tanzania ulikuwa miongoni mwa walioshangilia ukumbini. Miaka 10 baadaye aliwania ukatibu mkuu wa umoja huo, na Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu.

Kilichonifurahisha zaidi ni Pakistani. Ilijitoa Jumuiya ya Madola mwaka 1972, na makamishna wakuu wa Islamabad wakageuka mabalozi. Iliporudi mwaka 1989, ofisi hizohizo zikarudishiwa jina la zamani. Na mwanadiplomasia wa Kitanzania anayekaa Kuala Lumpur, akipewa na Thailand aisimamie, anakuwa Kamishna Mkuu Malaysia na balozi Bangkok, kwa mshahara uleule.

Kinga na heshima hazitofautiani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unawaweka daraja moja, na anayetangulia kwenye msafara wa mabalozi ni yule aliyeanza kazi mapema. Nchi iwe kubwa au ndogo, ukichelewa unasimama nyuma.

Hata neno "balozi" lenyewe lina safari yake. Mjumbe wa Venice kule Istanbul aliitwa bailo, Waturuki wakalifanya balyoz, likashuka na lugha za biashara hadi pwani yetu, ndipo chama tawala kikaligawa kila nyumba kumi.

Mfanyabiashara wa mabondo, yaani vibofu vya samaki, wa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, ambaye mzigo wake unaishia Hong Kong, akifika Dar es Salaam kutafuta viza ya China atakuta kibao cha ubalozi. Akitaka ya India kibao kinasema kitu kingine. Ila akimwambia bodaboda "nipeleke ubalozi wa India", anafikishwa mlangoni.