Injini za Garratt za Afrika hazikutoka zote Manchester

Wengi husema kwamba kila injini ya mvuke aina ya Garratt iliyowahi kuvuta treni barani Afrika ilitengenezwa na Beyer Peacock katika kiwanda chake cha Gorton, mjini Manchester. Dhana hiyo ina chanzo chake, kwa kuwa kampuni hiyo ndiyo iliyounda Garratt ya kwanza mwaka 1909, kwa kufuata ubunifu wa Mwingereza Herbert William Garratt, na ndiyo iliyounda pia injini zote 34 za daraja la 59 zilizokuwa zikipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi. Anayetembelea Makumbusho ya Reli ya Nairobi ataiona mojawapo, namba 5918, iliyopewa jina la Mount Gelai, boila lake nene likining'inia kati ya fremu mbili zenye magurudumu, kila moja ikiwa na silinda zake, mpangilio unaoliwezesha dubwana hilo kukata kona kali bila kuielemea reli.

Hata hivyo, Afrika Kusini iliagiza Garratt nyingi kutoka Ujerumani, kwa Henschel, Hanomag, Maffei na Krupp, huku zile za Algeria, zilizokuwa na kasi ya kustaajabisha, zikiundwa Ufaransa. Baadhi ya injini za daraja la 60 za Afrika Mashariki nazo zilitoka Ufaransa, ingawa oda ilikuwa ya Beyer Peacock. Lisilotajwa sana, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni kwamba Garratt za mwisho za daraja la NGG16, za reli nyembamba, ziliundwa Afrika Kusini kwenyewe na Hunslet-Taylor, mwaka 1967 na 1968.